Kilicholala Kwenye Udongo wa Nshamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa slaidi isiyokuwa na ugonjwa wowote, nikaambiwa nitafute ugonjwa. Sikuambiwa kwamba haupo. Mkuu wa maabara, Dakta Ishengoma, aliiweka chini ya hadubini, akanisogezea kiti, akaenda zake kunywa chai. Nilichungulia mpaka jicho likatoa machozi. Aliporudi nikamwambia kwa furaha kwamba nimeziona spora, zile mbegu za kuvu, ni za mviringo, zina ukuta mzito mweusi, na ni nyingi sana.

"Unajuaje kuwa ni spora?" akaniuliza.

"Ni za mviringo, Dakta."

"Hata sahani ni ya mviringo."

Akakigusa kile kioo chembamba cha juu kwa ncha ya penseli. Spora zangu zote zikasogea. Mbili ziligusana zikawa moja, nyingine ikapasuka ikatoweka. Asubuhi nzima nilikuwa nikitazama viputo vya hewa.

Sasa nimestaafu. Nimekabidhi funguo na koti jeupe, na ninyi vijana mnaobaki kituoni mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka niliyokaa nikichungulia magonjwa ya mimea. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha, hayajawahi kumsaidia mtu kutambua ugonjwa. Nitaandika nilivyofundishwa kushuku, halafu nitaandika kesi ya Nshamba, kwa sababu najua mmeisikia kwa watu wengine na najua wameisimulia vibaya.

Dakta Ishengoma hakuwa mtu mkali. Alikuwa tu haamini. Maji yaliyochemshwa aliyafungia kabatini, na ufunguo alitembea nao. Ukimwambia umesafisha kisu kwa moto, alikuomba ukisafishe tena yeye akiona. Wakulima alizungumza nao kwa heshima kubwa, akawasikiliza mpaka mwisho, halafu akaenda kuangalia mwenyewe. Mara ya kwanza tulipokwenda pamoja Rubafu, mwenye shamba alitupokea barabarani, akatuonyesha migomba iliyonawiri pande zote mbili za njia, akasema kwake hakuna mgomba mgonjwa. Dakta alimshukuru, akampongeza kwa usafi, kisha akapita nyuma ya jiko, akavuka banda la mbuzi, na huko nyuma tukakuta visiki vilivyokatwa karibuni na kufunikwa majani. Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tusije tukamwamuru ang'oe migomba yote. Tangu siku ile, kila nikifika kwenye kibanja cha mtu, yaani nyumba na migomba yake, naanzia nyuma ya jiko.

Vifaa navyo havikuaminika. Hadubini yetu ya kwanza ilitumia kioo cha kuakisi mwanga wa jua, na Bukoba jua si kitu cha kukitegemea. Tuliiweka dirishani upande wa ziwa tukasubiri mawingu yapite. Ilipokuja ya umeme tulishangilia, mpaka umeme ulipokatika tukarudi kwenye ile ya zamani. Unyevu wa ziwa uliingia hata ndani ya lenzi. Mwaka mmoja tulikuta nyuzi nyembamba zimetambaa kwenye kila slaidi, za kahawa, za maharage, hata za maji matupu. Dakta alifungua lenzi akaikuta imeota kuvu. Chombo cha kuchungulia kuvu kilikuwa kinatuonyesha kuvu yake chenyewe. Ndiyo maana kabati la hadubini lina balbu inayowaka mchana na usiku, kukausha unyevu. Mkija kuambiwa muizime ili kubana matumizi, kataeni.

Ukutani, juu ya sinki, alibandika picha aliyotoka nayo chuo alikosomea. Iko pale hadi leo na wengi wenu mnadhani ni picha ya mwezi. Ni spora moja, imekatwa katikati na kupigwa picha kwa hadubini ya elektroni. Wataalamu huiita klamidospora. Sisi pale maabara tuliiita spora ya kulala.

Nitaieleza, kwa sababu kesi yote ya Nshamba imo humo. Kuna kuvu inayoishi kwenye udongo na kuingia kwenye mizizi ya mgomba. Ikishaua mgomba, chakula kinakwisha. Hapo wengi hudhani na kuvu nayo inakufa. Haifi. Uzi wake huvimba sehemu fulani, ile sehemu inajitenga, inakuwa duara. Ukitazama picha utaona ukuta wenye tabaka mbili, la nje jembamba na jeusi, la ndani nene na la kijivu. Ndani ya ukuta kuna kiwambo, kuna kiini, na nafasi iliyobaki imejazwa matone ya mafuta yaliyobanana mpaka yamepoteza umbo. Hiyo ndiyo akiba yake. Vile viungo vidogo vya seli vinavyochoma chakula kutoa nguvu ni vichache na vimetulia. Inapumua kidogo mno. Inakaa hivyo kwenye udongo miaka na miaka, mpaka mzizi wa mgomba unaoifaa upite jirani na kutoa utamu wake. Hapo ukuta unatoboka, uzi mpya unatoka.

"Angalia vizuri," Dakta aliniambia siku aliponieleza picha ile. "Humu hamna hata kitu kimoja kinachoonyesha kuwa yuko hai. Kwa hiyo asikudanganye."

Alinifundisha kuitafuta kwenye kitunguu cha mgomba, yaani kile kisiki cha chini ya ardhi, na hapo ndipo wageni wengi huumbuka. Kitunguu kimejaa chembe za wanga, nazo ni za mviringo na zinang'aa. Weka tone la iodini, wanga utageuka bluu nzito na spora itabaki ilivyo. Mafuta ya mkono wako nayo hufanya matone. Mayai ya minyoo ya mizizi nayo yana ukuta. Kwa kila kitu ulichokiona, jiulize ni vitu gani vingine vingeweza kuonekana hivyo, na uvitoe kimoja kimoja. Kilichobaki, kishuku pia.

Dakta alipostaafu alirudi kwao Rubafu, akaniachia meza yake. Miaka ikapita. Siku moja nikapigiwa simu na Projestus, afisa ugani wa upande wa Nshamba.

"Mama, kuna migomba huku inanifanya nionekane mwongo," akasema.

Mkulima mmoja aitwaye Ta Byabato alikuwa na shamba kubwa la ndizi kisukari, zile tamu za kuiva, alizokuwa akiwauzia wenye maduka pale senta. Zilianza kunyauka. Projestus akasema ni unyanjano, ule mnyauko wa bakteria mnaoujua wote, akamwagiza Byabato ang'oe, afukie, apande maharage na mahindi mpaka ardhi ipone, halafu alete miche safi. Byabato alitii kila kitu. Miche safi ikapandwa, ikastawi, na ilipokaribia kuzaa ikanyauka vilevile.

"Sasa wanasema si ugonjwa," Projestus akaniambia. "Wanasema ni mtu. Ukoo unataka kumtoa mama mmoja kwenye kibanja chake. Mjane."

Nilikwenda. Byabato alikuwa mwanamume mrefu, mwenye sauti ya chini, amezoea kusikilizwa. Nilianzia nyuma ya jiko. Kisukari zilikuwa zimekuwa njano, majani yamevunjika na kuning'inia kuzunguka shina, mengine mashina yamepasuka chini. Lakini katikati yao, migomba ya matoke ilisimama kijani na mikungu yake kama haikuona kinachoendelea. Nikaomba panga, nikakata shina la kisukari. Unyanjano ungetoa usaha wa njano. Haukutoka. Badala yake kulikuwa na mistari ya rangi ya damu iliyokauka, imepanda kutoka kwenye kitunguu kwenda juu.

"Projestus, ile ya kwanza uliikata ukaangalia ndani?"

Alitazama viatu vyake. "Wakati ule kila kilichonyauka kilikuwa unyanjano, mama."

Byabato alikuwa akitusikiliza. "Mama wa maabara, naomba nikuulize. Umewahi kuona ugonjwa unaochagua mgomba wa biashara na kuuacha wa kula? Hiyo si akili ya ugonjwa. Hiyo ni akili ya mtu."

Nilianza kumweleza kwamba zipo kuvu zinazochagua aina ya mgomba. Akaninyamazisha kwa mkono, bila ukali, akaniongoza mpaka kwenye mpaka wa shamba, kwenye mstari wa milamula, miti myembamba inayotenganisha viwanja.

"Angalia ng'ambo," akasema.

Ng'ambo kulikuwa na kibanja kidogo, safi, kimetandikwa majani makavu. Kisukari zake zilikuwa nzima, kijani, zimebeba mikungu. Hatua chache tu kutoka pale tuliposimama.

"Huyo ni mke wa marehemu kaka yangu. Ma Justa. Mkwe wangu alimwona jioni akipita na ndoo, anamwaga kwenye mashina. Alipoonwa akaingia ndani. Sasa nieleze wewe msomi, huo ugonjwa wako umeuogopa mstari wa milamula?"

Nakiri kwamba nilipovuka mpaka ule nilikuwa namshuku yule mama kama wao. Kila niliyemwona siku ile nilimshuku. Ndivyo nilivyofundishwa, na sikuwa nimefundishwa kuwaruka wajane.

Ma Justa alikuwa mwanamke mfupi, mabinti zake wameolewa mbali, mmoja Mwanza na mwingine visiwani kwa mchuuzi wa samaki. Alitukaribisha sebuleni, akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi. Projestus akasema tumbo linamsumbua. Ma Justa akamtazama, akamwelewa, akanigeuzia kikapu mimi.

"Na wewe tumbo linakusumbua, waitu?"

Nilichukua punje, nikaitia mdomoni. Nitasema ukweli, niliitafuna taratibu.

"Ma Justa, watu wanasema kuhusu ndoo," nikaanza.

"Najua wanachosema. Umekuja kuinusa?" Akainuka, akaileta ndoo kutoka nyuma, akaiweka miguuni pangu. Harufu ilinifikia kabla sijainama. "Mkojo wa ng'ombe na majivu. Kwa ajili ya fukusi wanaotoboa visiki. Mume wangu alifanya hivyo, na baba yake alifanya hivyo. Beba. Na mimi mwenyewe nibebe ukanipime."

"Kwa nini ulikimbia ulipoonwa?"

"Ukishaitwa mchawi, mwanangu, hata ukisimama wanasema umesimama kichawi."

Nilibeba mkojo ule kwenye chupa. Nikachukua udongo wa kwake na udongo wa Byabato, nikasafisha koleo kwa moto kati ya huu na ule. Nikachukua vipande vya kitunguu. Kabla sijaondoka nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji nikamwomba kikao cha ukoo kisogezwe mbele mpaka kahawa ianikwe. Alisita, akakubali, akaniambia wazi kwamba hataweza kuwazuia zaidi ya hapo.

Maabara, kuvu ilijitokeza mapema kuliko nilivyotarajia. Ilikua kwenye chakula cha viazi na sukari ikatoa rangi ya zambarau hafifu. Kwenye kipande cha kitunguu, baada ya kuondoa wanga kwa iodini, nilizikuta spora za kulala, nyingine moja moja, nyingine zimefuatana kama shanga, ukuta umeng'aa pande zote, ndani mafuta. Nilitia rangi nyekundu ishikayo mafuta, matone yakawaka mekundu. Nilizikuta pia kwenye udongo wa Byabato; kwenye chupa ya mkojo hazikuwemo. Nilifurahi, nikampigia simu Dakta Ishengoma kule Rubafu.

"Nimeziona, Dakta. Safari hii si viputo."

"Vizuri. Sasa unajuaje kuwa ndizo zilizoua?"

Nikairudia slaidi kwa jicho moja, simu ikiwa sikioni.

"Udongo wote wa Kagera una kuvu za ukoo huo," akasema. "Nyingi hazimdhuru mtu. Ukimwona mtu sokoni siku ya wizi, hujamshika mwizi. Na wale wazee watakuuliza jambo la pili, kama sumu haimo kwenye udongo huohuo. Utawajibu nini?"

Tuliongea mpaka salio langu likaisha, na kufikia hapo nilijua la kufanya. Nilirudi Nshamba kuchukua udongo zaidi. Nikajaza vyungu vya aina tatu: udongo wa Byabato kama ulivyo, udongo wa Byabato uliopikwa ndani ya pipa kwa mvuke mpaka kila kilicho hai kimekufa, na udongo wa Ma Justa. Katika kila chungu nikapanda mche safi wa kisukari, nikaviweka vyote kwenye banda la vioo la kituo. Sumu za kumwagwa nyingi hazitishwi na mvuke. Kiumbe hai hutishwa.

Vyungu havijakaa sana, siku moja nikamkuta Byabato amesimama mlangoni mwa banda la vioo, amevaa koti la kanisani. Alikuwa amepanda basi kutoka kwao Muleba bila kumwambia mtu.

"Nimekuja kuona," akasema. "Sijui nani anaingia humu. Sijui yule shemeji yangu ana ndugu gani Bukoba. Na wewe sikujui."

Mlinzi alitaka kumtoa. Nikamzuia. Nilimpenda mtu yule kwa mara ya kwanza. Nikamwonyesha vyungu, nikamweleza kila kimoja kina nini. Alitoa mfukoni kamba za ganda la mgomba, akazunguka akafunga kila chungu fundo lake, moja tofauti na lingine, akiinama na kupumua kwa nguvu. Alipomaliza akasema, "Ukibadilisha nitajua."

"Naomba ujue," nikamwambia.

Alirudi tena na tena. Nadhani alivikagua vyungu vile kuliko mimi. Siku ambayo miche ya udongo wake mbichi ilianza kuwa njano, yeye ndiye aliyeiona kwanza. Alichuchumaa akaangalia fundo. Lilikuwa lake. Akasogea kwenye udongo uliopikwa, udongo wa shamba lake mwenyewe, miche imesimama imara. Akagusa majani. Akasogea kwa Ma Justa, mizima. Alipoondoka hakuniaga, jambo ambalo kwetu si dogo.

Niliichukua ile miche iliyonyauka, nikakata mizizi, nikaotesha kuvu iliyotoka, nikaipeleka kwenye miche mingine safi, nayo ikanyauka. Ndani ya mizizi, katikati ya seli zilizooza, spora za kulala zilikuwa zimeshaanza kujengwa. Mwenyeji wake alikuwa hajafa bado na yeye tayari alikuwa anajiandalia akiba.

Kahawa ilipoanikwa nikaenda kwenye kikao. Nilibeba ile hadubini ya zamani ya kioo cha kuakisi, kwa sababu haihitaji umeme. Ukoo ulikaa uani kwa mkuu wao, mzee aliyekuwa na tezi shingoni na akili kali sana. Wanaume mbele, wanawake pembeni kwenye mikeka, Ma Justa peke yake kwenye mkeka wake. Kikao kilianza kwa sala.

Nilieleza. Niliwaambia ni ugonjwa wa kuvu, unashika kisukari na ndizi za pombe za aina fulani, matoke yetu unayaacha. Nikawaambia unalala kwenye udongo, unatembea na udongo unaoshika jembe na miguu, na ukilima maharage msimu mmoja wenyewe hauoni hata kama mtu amepita. Nikawaalika wachungulie. Walipanga mstari. Mama mmoja mzee akasema ni macho ya samaki. Mwingine akasema anaona kope zake tu, nikamrekebishia. Byabato alichungulia mwisho, muda mrefu, jicho moja kisha jingine. Akainua kichwa.

"Nimeyaona," akasema. "Na vyungu niliviona, sina neno. Hayo madude yapo na yanaua. Sasa mtuambie, nani aliyaweka shambani kwangu?"

Watu wakaguna. Wengine wakageuka kumtazama Ma Justa. Miezi yote ile nilikuwa nimethibitisha ugonjwa, na ugonjwa ule sasa ulikuwa umegeuzwa kuwa silaha mkononi mwake.

"Ta Byabato," nikamwuliza, "machipukizi ya kisukari ya kwanza kabisa uliyatoa wapi?"

"Hapahapa."

"Hapahapa wapi?"

"Nimesema hapahapa."

Kutoka kwenye mikeka ya wanawake mke wake akasema, kwa sauti isiyo kubwa, "Yalitoka Ngenge, kwa binamu yake. Tuliyaleta kwenye magunia ya mkaa, juu yake tukaweka mkaa."

Byabato aligeuka. Mke wake aliendelea kutazama mbele. Wakati ule kijiji kilikuwa kimekataza kuhamisha machipukizi kwa sababu ya unyanjano, na kila mtu pale alijua, na wengi wao walikuwa wamevunja katazo lilelile.

"Haya," Byabato akasema. "Yalitoka Ngenge. Yaliingia kwangu. Hilo nimelipokea. Lakini mbona kwake hayakuingia? Maji ya mvua yanavuka. Kuku wanavuka. Mbona kwake ni mzima?"

Mkuu wa ukoo akanigeukia. "Jibu, mama."

"Sijui," nikasema. Ndivyo ilivyokuwa. Ardhi pale inateremka kutoka kwa Ma Justa kwenda kwa Byabato, hilo lingeeleza maji, lakini halikutosha, na sikutaka kuwapa jibu la nusu.

Ma Justa akasimama. Sikuwa nimewahi kumwona akisimama mbele ya watu.

"Yeye hajui kwa sababu si wa hapa," akasema. "Mimi ninajua. Amesema hivyo vitu vinatembea kwenye udongo unaoshika jembe na miguu. Sasa mniambie ninyi. Tangu tumzike mume wangu, ni nani kati yenu ameingia kibanjani kwangu na jembe?"

Wanaume wa mbele wakatazamana.

"Mmepaliliana. Mmetoka kwa Byabato mkaenda kwa mkubwa wetu hapa, mkaenda kwa Rwiza, mkarudi. Majembe yenu yametembea ukoo mzima. Kwangu hayakufika. Nimepiga magoti nikapalilia peke yangu, na nyinyi mkipita njiani mnaangalia upande mwingine. Msiniulize mimi kwa nini migomba yangu ni mizima."

Akakaa.

Nilimtazama mkuu wa ukoo. Alikuwa akitazama migomba yake mwenyewe, ile ya nyuma ya nyumba. Nilifuata macho yake nikaona majani mawili ya chini yamekuwa njano. Rwiza, aliyekaa karibu na mlango, alikuwa ameinamisha kichwa, na nikajua bila kwenda kwake kwamba kule nako kumeshaanza.

Kibanja kilibaki cha Ma Justa. Mkuu wa ukoo alisema hivyo kwa sentensi moja, akafunga kikao kwa sala. Hakuna aliyeomba radhi. Byabato alinisaidia kufunga hadubini kwenye sanduku lake, akakaza mikanda vizuri.

"Yatakufa lini hayo?" akaniuliza.

"Sijui. Usipande kisukari hapo tena. Panda matoke, panda kahawa."

"Mimi nitakuwa hai yakifa?"

"Sidhani. Wala mimi."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Nadhani alichukizwa zaidi na uvumilivu wa kile kitu kuliko na hasara yake.

Wanaoisimulia kesi hii huishia hapo, kwa Ma Justa kusimama. Mimi nilirudi Nshamba msimu uliofuata, kuchukua udongo wa kupima. Nilifika asubuhi nikakuta watu kwenye mwingilio wa kibanja cha Ma Justa. Ukoo ulikuwa umepeleka wapaliliaji. Kama ni aibu au ni amri ya mkubwa wao, sijui, na sikuuliza. Walikuwa wamesimama nje na majembe yao kwa sababu Ma Justa alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya njia, mbele yake beseni la maji, burashi ya kufulia, na jiko la mkaa linalowaka. Kila jembe lilikwanguliwa udongo, ule udongo ukatupwa motoni, kisha jembe likashikiliwa juu ya makaa mpaka aseme basi. Kila mguu ulisuguliwa.

Ilipofika zamu ya Byabato alisema, "Shemeji, nimelisafisha nyumbani."

"Sikukuona ukilisafisha."

Alisimama pale. Halafu mwanamume yule mrefu akainama, akachukua burashi, akasugua jembe lake pande zote mbili, na kwenye shingo ambako mpini unaingia, ambako udongo hujificha. Ma Justa alilipokea, akaligeuza juani, akamrudishia asugue tena. Alisugua tena. Akapita.

Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya mpira vipya, nimevitoa kwenye mfuko nilipofika, kama tunavyofanya siku zote. Nikamwonyesha nyayo za viatu, safi, hata lebo bado ilikuwepo. Nikamweleza kwamba sijapita kwa mtu mwingine yeyote.

Ma Justa alizitazama nyayo zile kwa makini, akanitazama mimi usoni, akasogeza beseni kwa mguu wake mpaka likagusa ncha za viatu vyangu.

Niliinama nikasugua.